Ukurasa Uliochanwa Kibuye

Jumapili moja mwaka 2006 kaka yangu alirudi kutoka soko la Kibuye, Kisumu, na komiki nne zilizofungwa kwa uzi wa katani. Alizifukua chini ya rundo la magazeti ya zamani, kwa mama mmoja aliyeuza karatasi za kufungia omena na njugu. Yule mama alikuwa ameshaanza kuzitumia. Komiki ya tatu, ya Batman, ilikosa kurasa za mwisho, na ndiyo iliyotutesa kuliko zote. Ndani yake mlikuwa na mtu aliyevaa kofia nyekundu iliyomfunika kichwa kizima, hata kidevu hakionekani. Alipigana na Batman kama watu waliolelewa boma moja: kila mtego aliujua kabla haujafyatuka. Unasoma moyo ukikudunda, unahisi kofia iko karibu kuvuliwa, unafungua jani, unakuta mchano tu. Jibu letu lilikwenda na omena za mtu fulani Manyatta.

Tulibishana miaka. Kaka yangu alishikilia kwamba ni Jason Todd, yule Robin wa pili, kijana msaidizi wa Batman, aliyeuawa na adui wao Joker. Mimi nilikataa katakata. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika babu, nami nikiwa na miaka 11 nilishaona jeneza likishushwa na udongo ukimwagwa. Hakuna ambaye angenieleza habari za maiti kurudi amevaa kofia. "Aliyezikwa amezikwa," nilimwambia. Alinijibu kwa upole, kama mtu aliyejua ni nani hasa niliyekuwa nikimzungumzia: "Omera, hii ni katuni. Kwa katuni mtu anaweza kurudi."

Mwaka 2011 rafiki yake alitujia na flashi yenye filamu ya katuni, Batman: Under the Red Hood, iliyotoka mwaka uliotangulia. Tukafunga mlango, tukazima taa. Kabla hatujakaa vizuri, dakika za mwanzo kabisa, Joker huyo anamtwanga Robin kwa mtaimbo, bomu linalipuka, Batman anafika amechelewa, anaubeba mwili wa kijana kutoka kwenye vifusi. Kisha miaka inapita na mtu wa kofia nyekundu anaingia mjini. Hata mtoto wa chekechea angeunganisha. Kaka yangu alikuwa ameshinda ubishi wa miaka mitano, lakini hakushangilia. Alikaa akiitazama skrini kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Mbona wamepasua mbarika mapema hivi?" akauliza.

Swali hilo sijaliacha hadi leo, na ndilo linalonifanya niandike. Kwa sababu filamu ile iliandikwa na Judd Winick, na Judd Winick ndiye aliyeiandika hadithi yenyewe kwenye komiki. Huwezi kusema hakuielewa. Mtu aliyeijenga siri kwa mikono yake, toleo baada ya toleo, alipopewa filamu aliianika tangu mwanzo.

Nadhani ni habari ya muda. Mwaka 1988 kampuni ya DC, wachapishaji wa Batman, iliwapa wasomaji namba mbili za simu: moja ukitaka Jason aishi, moja ukitaka afe. Waliotaka aishi walikuwa 5,271. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Kura 72 zilimtia kaburini. Kwa hiyo kofia ilipovuliwa mwaka 2005, aliyeshtuka hakuwa Batman peke yake. Msomaji wa Marekani aliyekuwa na simu mkononi miaka 17 nyuma alikuwa akitazamwa usoni na kijana aliyempigia kura afe. Mshtuko wa namna hiyo huwezi kuusafirisha kwenda kwa mtu wa Kondele anayemwona Jason Todd kwa mara ya kwanza. Ukimfichulia mwishoni atakuuliza, Jason ndiye nani? Ndiyo maana filamu, yenye dakika 75 tu, ikaona heri imzike mbele ya macho yako kwanza, uwe na cha kupoteza. Uzito wote ikauhamishia mwishoni, pale Jason anapomkabili baba yake wa kulea. Hamlaumu kwa kuchelewa kumwokoa. Anamuuliza mbona Joker bado yuko hai. Maneno hayo yamo kwenye komiki pia, lakini kwenye filamu ndiyo yanayobeba nyumba nzima.

Kuna na habari ya sura. Komiki inajua kuficha. Mchoraji hukata kisanduku pale anapotaka, akakupa glavu, kisigino, kivuli ukutani, na sauti ya mtu huyo unaitunga mwenyewe kichwani. Kwenye skrini sauti ipo, mwendo upo, jina la mwigizaji liko kwenye bango. Kwenye kibanda cha video tulichokuwa tukienda Kondele, watoto waliweza kumtambua mwigizaji kwa kiatu. Utaficha nini kwa watu kama wale?

Na hata kama filamu yenyewe imeficha, palikuwa na dijei. Wasomaji wangu wa Kenya hawahitaji kuelezwa. DJ Afro na wenzake wamewasimulia watu wengi mno filamu za nje kwa Kiswahili chetu, sauti yao ikipanda juu ya sauti ya waigizaji. Dijei anakwambia mapema: huyu mtazame vizuri, huyu anayecheka na stelingi, ni nyoka. Sijawahi kuona mtu akisimama kudai pesa yake kwa sababu ameambiwa. Kinyume chake, benchi zima lilikuwa linainama mbele. Tulishajua, sasa tulikuwa tunamsubiri stelingi ajue. Kila alipompa yule nyoka mgongo, kuna mtoto aliyepiga kelele. Pale kwenye benchi la mbao ndipo nilipojifunza kwamba kuna kujua kwa mtazamaji na kuna kujua kwa mhusika, na kwamba kati ya hayo mawili pana nafasi ambamo hadithi nzima inaweza kuishi.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia kila ninaposoma komiki kisha nikaona filamu yake: aliyefichwa amehamishiwa wapi? Nimeona jambo moja likijirudia hadi nimeliamini. Komiki ina miaka. Filamu haina, basi inakopa udugu.

Chukua Bucky. Joe Simon na Jack Kirby walimtoa pamoja na Captain America mwaka 1941, kijana msaidizi anayepigana kando ya mkubwa wake. Mwaka 1964 ikaandikwa kwamba alikufa vitani, kwenye ndege iliyolipuka, na akabaki amekufa. Wapenzi wa komiki walikuwa na msemo kwamba huko hakuna anayekaa kaburini isipokuwa Bucky, Jason Todd na Uncle Ben wa Spider-Man. Mwaka 2005 ukawatoa wawili kwa mpigo. Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting walimrudisha Bucky kama Winter Soldier, muuaji wa Kirusi mwenye mkono wa chuma, na walimrudisha polepole sana: risasi kutoka gizani, mtu anayeonekana kwa mbali, kisha faili. Naam, faili. Captain America anakabidhiwa makaratasi ya siri anayasoma, ukurasa baada ya ukurasa, jinsi Warusi walivyomwokota mtoto wake wa vita baharini na kumgeuza silaha. Ni ufunuo wa makaratasi, wa mtu aliyekaa peke yake na habari mbaya. Msomaji aliyebeba kifo hicho miaka 41 hakuhitaji zaidi ya hapo.

Kwenye sinema Bucky alikuwa ameanguka kutoka kwenye treni mwaka 2011, na Winter Soldier ikatoka 2014. Miaka mitatu. Watu wengine bado walikuwa na tiketi ya ile ya kwanza mfukoni. Basi walimbadilisha Bucky mwenyewe: hakuwa tena mtoto wa kambini aliyepata kumjua Steve, yaani Captain America mwenyewe, jeshini. Akawa rafiki wa rika lake kutoka Brooklyn, aliyekuwa akimtetea Steve mitaani wakati Steve ni mwembamba na mgonjwa, ndugu wa hiari. Halafu siri ikafichuliwa mchana kweupe katikati ya barabara, barakoa inaanguka kwenye ngumi, Steve anatamka jina lile, na mwenzake hamjui mwenye jina. Miaka 41 imelipwa kwa utoto wa pamoja. Mimi ninaipenda faili ya Brubaker, nimeisoma mara nyingi, lakini nakiri kwamba barabara ile ilinikata zaidi. Nilikuwa nimeketi karibu na kaka yangu nilipoiona.

Ukishaanza kutazama hivyo, unauona udugu kila mahali. Vulture wa komiki, Adrian Toomes, alitokea mwaka 1963, mzee mwenye upara na mbawa, fundi aliyedhulumiwa na mshirika wake wa biashara. Kwa Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, hakuwa mtu wa karibu. Spider-Man: Homecoming ya 2017 ikafanya jambo ambalo halimo kwenye komiki hata kidogo. Peter amevaa suti, amebeba ua, anagonga mlango wa msichana anayempenda aende naye dansi. Anayefungua mlango ni Toomes. Ni baba ya msichana. Niliitazama na wenzangu watano Milimani, sebuleni kwa rafiki yetu, na ukimya uliotushika pale haukuwa wa kuona jambazi. Ulikuwa wa vijana wanaojua maana ya kusimama kwenye mlango wa baba ya mtu, na mikono yako hujui uiweke wapi. Kisha filamu inaongeza la pili: ndani ya gari, binti akiongea bila kujua, baba anaunganisha habari za kijana huyu na za Spider-Man. Taa ya barabarani inabadilika kuwa kijani na mwanga unamwangukia usoni, na unaona amejua. Siri mbili, familia moja, na mmoja aliyekaa katikati yao hajui lolote. Huo ni ufundi. Komiki ya 1963 ingehitaji matoleo mengi kufika hapo.

Hata Mandarin, adui wa Iron Man tangu mwaka 1964, hakusalimika. Iron Man 3 ya 2013 ilimfunua kuwa mwigizaji mlevi aliyekodishwa, na wengi walikasirika. Wakaja kumtoa yule wa kweli mwaka 2021 katika Shang-Chi, na mmekisia: ni baba ya stelingi. Kwenye komiki Shang-Chi ana baba mwingine kabisa.

Sasa nifike nyumbani.

Februari 2018 Kisumu ilipata heshima ambayo sikuwahi kuiota: Black Panther, filamu ya T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, ilioneshwa hapa kwa uzinduzi, kabla ya kumbi nyingi za dunia, kwa sababu Lupita Nyong'o ni binti yetu na baba yake alikuwa gavana. Mimi sikuwa na kadi ya mwaliko. Niliiona wiki iliyofuata, na ukumbi ulikuwa umejaa akina mama waliovaa vitenge kana kwamba wanakwenda harusini. Watu waliongea na skrini kwa Dholuo. Nakia, mhusika wa Lupita, alipotokea, makofi yalizima maneno yake ya kwanza.

Nakia mwenyewe ni mfano wa siri iliyogeuzwa. Christopher Priest na Mark Texeira walimwanzisha mwaka 1998 akiwa mmoja wa Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, msichana anayempenda mfalme kupita kiasi hadi penzi linamharibu, anajaribu kuua, na mwisho anafunuliwa kuwa adui anayeitwa Malice. Wapo wanaolalamika kwamba filamu ilimwondolea makali hayo. Mimi sijasikitika. Mwanamke anayeharibiwa na busu la mfalme nimemsoma vya kutosha. Yule jasusi anayemwambia mfalme usoni kwamba nchi yake inawanyima wengine msaada na hifadhi, huyo nilikuwa simjui, nami nilimhitaji.

Lakini aliyetunyamazisha ukumbini ni Killmonger, adui wa mfalme. Kwenye komiki alitokea mwaka 1973, katika Jungle Action ya Don McGregor na Rich Buckler. Yeye ni Mwakanda aliyefiwa na baba na kufukuzwa, akakulia Harlem, akarudi na kisasi. Jina lake la asili, N'Jadaka, limo. Damu ya kifalme haimo. Ni mtu wa nchi aliyeikasirikia nchi. Mwongozaji wa filamu, Ryan Coogler, akamfanya binamu wa T'Challa: mwana wa N'Jobu, ndugu wa mfalme T'Chaka, na baba huyo aliuawa na ndugu yake mwenyewe huko Oakland mwaka 1992, mtoto akaachwa. Angalia pia siri ndogo iliyofichwa mwanzoni kabisa, ambapo mtoto anamwomba baba yake amsimulie hadithi ya nyumbani. Tunadhani ni mtoto wa ikulu. Sauti ya baba ni ya N'Jobu. Aliyekuwa akiomba hadithi ya nyumbani ni yule ambaye nyumbani hatakubaliwa.

Anapoingizwa mbele ya baraza akiwa amefungwa pingu, mtazamaji ameshajua ni nani. Mzee Zuri, aliyekuwepo Oakland, ameshaungama, T'Challa ameshajua. Coogler angeweza kutunyima habari hiyo hadi pale, tupige yowe. Hakufanya hivyo. Alitaka tutazame nyuso za wasiojua: mama malkia, wazee, walinzi. Mzee mmoja anamuuliza kwa lugha ya nyumbani, wewe ni nani? Naye anajibu kwa lugha hiyo hiyo, jina lake, jina la baba yake.

Mama aliyekaa mbele yangu alishika kichwa. "Yawa," alisema, "matanga."

Alikuwa amesema kweli. Mwaka 2013 tulimzika mzee mmoja wa ukoo wetu kule Seme. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, watoto wakiitwa mmoja mmoja wasimame mbele ya hema, kijana ambaye hatukumjua alinyanyuka nyuma. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Nakuru, shati lake limekunjamana. Mwenye kipaza sauti akamuuliza, wewe ni nani? Kijana akajibu kwa Dholuo. Ilikuwa Dholuo ya kujifunza, iliyopanguliwa lafudhi, na kila mtu alisikia kwamba ameifanyia mazoezi njia nzima. An wuod, yaani mimi ni mwana wa, akasema, na akataja jina la mzee aliyelala mbele yetu. Mjane alikunja leso yake mara nne na kuikunjua. Kilichoniuma baadaye si kwamba yule kijana alikuwepo. Ni kwamba wazee walikuwa wanajua. Miaka yote walikuwa wanajua, na siku ile walitazama viatu vyao.

Ndiyo maana nasema Coogler hakuharibu komiki. McGregor alikuwa na hasira ya nchi nzima, nayo ni kubwa, na alikuwa na miaka ya kuisimulia. Coogler alikuwa na saa mbili na kitu. Akaiingiza hasira ile yote kwenye swali moja la matanga. Na mwaka 2022, Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma, Wakanda Forever ikafunga kwa Nakia akimleta kwa Shuri, dada yake T'Challa, mtoto wa kiume, pwani ya Haiti, na mtoto anasema jina lake la nyumbani ni T'Challa, mwana wa mfalme T'Challa. Mtoto tena, baada ya mazishi tena. Safari hii amekuja na mama yake, akashikwa mkono.

Nisieleweke kwamba kila udugu wa kukopa ni halali. Upo unaodhulumu. Batman ya mwaka 1989, ambayo watu wengi wanaienzi, ilifunua kwamba aliyewaua wazazi wa Bruce Wayne, yaani Batman, uchochoroni alikuwa Joker mwenyewe akiwa kijana. Hapo ninakataa, na nimebishana na watu hadi chai ikapoa. Kwenye komiki mauaji yale yaliandikwa mwaka 1939, na muuaji akapewa jina mwaka 1948: Joe Chill. Kibaka. Mtu wa mtaani mwenye bastola, aliyetaka mkufu. Hana chuki na familia ile, hana mpango, kesho yake angeweza kumwibia mwingine. Maumivu ya Batman yamo mumo humo. Wazazi wake waliuawa na mtu yeyote. Anayewafahamu watu waliopoteza mtoto kwa risasi iliyopigwa hovyo wakati wa vurugu, au kwa lori lililokata breki Salgaa, anajua kwamba hakuna uso wa kuuchukia, na ndilo jambo lisiloponyeka. Filamu ilipompa Bruce uso wa kuuchukia, tena uso ule ule wa adui yake mkubwa, ilimpa dawa ambayo komiki ilijua haipo. Anampiga, anaanguka, yamekwisha. Dunia ikawa ndogo kama sebule.

Kwa hiyo nina kipimo changu. Udugu unaoongeza deni ninaukubali. Unaolipa deni la mhusika kwa urahisi siutaki.

Dani yangu, yaani bibi yangu, alijua haya bila kuona komiki hata moja. Sigana, hadithi ya jadi, aliyoipenda ni ya Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya maadui zake wa Lang'o ikampiga ikapinda. Shuleni niliwahi kuona hadithi hiyo ikiigizwa jukwaani, na mwalimu wetu aliificha siri ya kivuli hadi mwisho: mke wa Kilang'o anamchanja mumewe mgonjwa kwenye kivuli, damu inatoka, ukumbi unapiga yowe. Ilipendeza. Dani alikuwa akianza kwa kivuli. "Nyakwara, kulikuwa na mtu ambaye uhai wake ulikaa kwenye kivuli chake, na hakuna aliyejua." Hapo hapo, kabla ya vita, kabla ya harusi. Kisha anamleta bibi harusi, mrembo, zawadi ya maadui, na kila jua lilipozama kwenye hadithi ile, kivuli kikarefuka, sisi watoto tulikuwa tunavuta miguu yetu ndani ya blanketi.

Nilimkumbuka Dani nilipoanza kutazama Invincible mwaka 2021. Komiki ya Robert Kirkman na Cory Walker ilianza mwaka 2003, na matoleo sita ya kwanza ni ya furaha: kijana, Mark, anapata nguvu, baba yake Omni-Man ni shujaa mkubwa kuliko wote, wanarusha mpira kuzunguka dunia. Toleo la 7 ndilo linalokupiga. Omni-Man anawaua mashujaa wenzake wote, na wewe msomaji umeshaishi katika nyumba ile miezi kadhaa. Mfululizo wa Amazon ukaliweka tukio hilo mwisho wa kipindi cha kwanza kabisa. Kaka yangu alinipigia simu usiku ule ule: "Wamerudia. Wamepasua mbarika tena." Nikamwambia angoje. Vipindi saba vilivyofuata vikawa vya Dani: kila Mark alipomwomba baba yake ushauri, kila mama alipopakua chakula, sisi tulikuwa tunaona kivuli. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo unaivaa asubuhi huku watazamaji wanakulilia uivue. Kipindi cha nane kilipofika na baba akasema kweli, sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyekesha na mgonjwa.

La mwisho ni la kinyume, siri ambayo komiki haikuwahi kuifungua. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, matoleo 12 ya 1986 na 1987, ina shujaa wa kale aitwaye Hooded Justice, mwenye kitambaa kichwani na kitanzi shingoni. Komiki inadokeza kwamba labda alikuwa Mjerumani, mtu wa sarakasi, na inaliacha hapo. Kitanzi kile nilikiona nikiwa kijana nikakipita. Mwaka 2019 mfululizo wa HBO, katika kipindi cha 6, ukakivua kitambaa. Ndani yake yuko Will Reeves, polisi mweusi, aliyeokoka mauaji ya Tulsa ya 1921 akiwa mtoto. Kitanzi ni kile ambacho polisi wenzake walikuwa wamemtundikia. Amejipaka rangi nyeupe kuzunguka macho ili wadhani aliye chini ya kitambaa ni mzungu. Na anayegundua ni mjukuu wake, kwa kumeza kumbukumbu za babu. Nilirudi kwenye komiki yangu usiku ule nikaitazama kila picha ya kitanzi kile. Hakuna mstari uliobadilika, na hakuna picha iliyobaki kama nilivyoiacha. Sijui filamu nyingine iliyoirudia komiki kwa heshima kubwa hivyo huku ikiipinga.

Ile komiki ya Kibuye bado ipo. Kaka yangu anaishi Mamboleo sasa, ana binti wa miaka tisa, na Desemba iliyopita nilimkuta mtoto amelala kifudifudi mkekani akiisoma, nyuzi za katani zimemkwama kwenye nywele. Alifika kwenye mchano.

"Baba mdogo, huyu mwenye kofia nyekundu ni nani?"

Nilimtazama baba yake. Baba yake akaendelea kumenya viazi. Mtoto alisubiri, akaona hakuna wa kumjibu, akaenda kuleta daftari na penseli za rangi. Alichora muda mrefu, akakata karatasi kwa mkasi ilingane na kurasa nyingine, akaibandika kwa gundi pale palipochanwa. Chini ya kofia alikuwa amechora mwanamke mwenye nywele za kusukwa, machozi mashavuni, mkono mmoja ukielekea kwa Batman.

"Ni mama yake," akasema. "Amemtafuta sana."